Dakika Zisizoandikwa: Mhadhara juu ya Ujira na Mazingira ya Kazi ya Fundi Baiskeli

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi wenzangu, wenye maduka mliokubali kuacha shughuli zenu mje kutusikiliza, na ninyi waendesha baiskeli tunaowahudumia, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ujira na mazingira ya kazi ya fundi aliyeajiriwa katika duka la baiskeli, na nitaingia kwenye mada kupitia gurudumu, kwa sababu humo ndimo tatizo la malipo yetu linamoonekana wazi kuliko mahali pengine.

Gurudumu la kawaida lina spoki 32 au 36, nusu zikitoka upande wa kulia wa kitovu na nusu upande wa kushoto, na ringi husimama wima kwa kuwa pande hizo mbili zinavutana kwa nguvu zinazolingana. Linapoletwa limepinda, fundi hulizungusha taratibu akiangalia mahali ringi inapogusa kipimo, hugusa spoki moja moja kwa kidole asikilize ipi imelegea na ipi imekaza kupita kiasi, kisha hugeuza nati ya spoki robo tu ya mzunguko. Akikaza ya kulia, ringi husogea kulia. Lakini pia huvutwa kidogo kuelekea kitovuni, kwa hiyo anayeondoa mpindo wa pembeni bila uangalifu huzaa mpindo mwingine wa juu na chini. Akimaliza, huzishika spoki mbili mbili na kuzibana kwa viganja ili zikae vizuri mahali pake, na mara nyingi gurudumu huyumba tena kidogo, naye huanza upya. Mteja anapokuja jioni haoni kitu kipya. Hakuna kipuri kilichobadilishwa, hakuna rangi iliyopakwa; kilichoondoka ni milimita moja au mbili za kuyumba, na anauliza kwa dhati kabisa kwa nini alipe.

Hoja yangu leo ni moja: ujira wa fundi baiskeli ni mdogo kwa sababu tumezoea kuhesabu zile dakika tu ambazo spana iko mkononi, wakati sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika katika dakika ambazo haziandikwi popote.

Katika maduka mengi fundi hulipwa kwa kila kazi inayokamilika, au hupewa mshahara wa kijungujiko pamoja na asilimia ya kile anachouza. Malipo ya kwa kila kazi yana mantiki kiwandani, ambako kitu cha mia kinafanana na cha kwanza. Kwenye matengenezo hayana mantiki hata kidogo, kwa sababu hakuna baiskeli mbili zinazofika mezani zikiwa na hali moja. Kushusha kiti ni kazi ya dakika mbili. Lakini nguzo ya kiti ya aluminiamu iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikamana nayo kwa kutu, na kuitoa kunaweza kula asubuhi nzima. Kwa utaratibu huu asubuhi hiyo ni hasara ya fundi, ingawa si yeye aliyeacha kupaka grisi wala si yeye aliyekubali kazi ile kwa bei ile. Anachojifunza ni kukwepa baiskeli ngumu na kuzikimbiza zile nyepesi, na mbio za namna hiyo zikifika kwenye breki zinakuwa hatari.

Asilimia ya mauzo nayo ina kasoro ambayo haisemwi sana. Mnyororo unapotumika hurefuka kwa kusagika kwa pini zake, na fundi makini hushauri ubadilishwe kipimo kinapoonyesha kati ya 0.5 na 0.75 ya asilimia, kabla haujaanza kula meno ya giya. Ushauri huo humwokoa mteja, kwa kuwa mnyororo ni rahisi kuliko seti nzima ya giya. Lakini fundi anayelipwa kwa asilimia hupata zaidi mteja akichelewa, maana sasa atauza vyote viwili. Wengi wetu tunatoa ushauri ule wa kweli hata hivyo, na nawaheshimu kwa hilo. Ila mfumo wa malipo unaomwadhibu mtu kwa kusema kweli haufai kutetewa na yeyote aliyemo humu ukumbini.

Liko pia suala la dhamana. Boliti nyingi zinazoshika usukani hukazwa kwa nguvu ya takribani niutoni-mita 5 (kipimo cha nguvu ya kukazia boliti), ilhali mfuniko unaoshika giya za nyuma huhitaji takribani 40. Boliti ya usukani ikilegea, usukani hugeuka mkononi mwa mwendeshaji. Ikikazwa mno, hasa kwenye nyuzi za kaboni, huacha ufa usioonekana ambao utafunguka siku nyingine barabarani. Mwendeshaji wa baiskeli hana mkanda wala bodi ya kumkinga. Kwa hiyo kila fundi anaposema baiskeli iko tayari, anadhamini mwili wa mtu, na dhamana hiyo anaibeba kwa ujira ambao mara nyingi haufiki ule wa fundi wa mashine nyingine yenye hatari ndogo zaidi.

Wanaodhani kwamba hii ni kazi ya vijana wanaosubiri kazi nyingine nawakumbusha habari ya Charles Taylor. Mwaka 1901 ndugu Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, walimwajiri kwa dola 18 kwa wiki ili afanye kazi dukani na kuliangalia wao wakiwa safarini kwenye majaribio yao ya kuruka angani. Walipokosa mtengenezaji wa kuwapa injini nyepesi ya kutosha, ni fundi huyo aliyeichonga kwa mashine za duka lile, kwa muda wa wiki sita hivi, na injini hiyo ndiyo iliyoirusha ndege yao Desemba 1903. Sisemi kwamba kila mmoja wetu atarusha ndege. Nasema kwamba ustadi uliomo kwenye vyumba vyetu vya nyuma haujawahi kuwa mdogo, na kwamba Taylor alilipwa kwa wiki, hakulipwa kwa kila pancha.

Sasa nije kwenye mwili wa fundi mwenyewe. Meza au stendi iliyo chini mno humkunja mgongo kutwa. Baiskeli ya umeme yenye uzito wa kilo 20 hadi 25 hupandishwa na kushushwa mara nyingi kwa siku na mtu mmoja, kwa sababu duka halina stendi ya kuinulia. Kuna vimiminika vya kusafishia mnyororo na breki. Baadhi ya dawa hizo za kupuliza zimekuwa na heksani, kemikali inayojulikana kuharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ya wafanyakazi wanaoivuta au kuishika kwa muda mrefu, na dalili yake ya kwanza ni ganzi kwenye vidole ambayo fundi huidhania kuwa ni uchovu. Nilifanya kazi mahali ambapo dirisha la chumba cha nyuma lilizibwa kwa maboksi ya bidhaa, na nilipoomba yaondolewe niliambiwa bidhaa hazina pengine pa kukaa. Zimeongezeka siku hizi betri za lithiamu, ambazo zikipata hitilafu huwaka kwa kasi na kwa moshi wenye sumu, nazo huachwa zikichajiwa usiku kucha katika chumba kilekile chenye matairi na dawa za kusafishia.

Haya si mambo ya kuombwa kwa unyenyekevu. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi, na mwaka 2022 shirika hilo liliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi kazini. Glavu, feni ya kutolea hewa na sanduku la kuhifadhia betri vinatoka mfukoni mwa mwenye duka. Kuhusu spana na vifaa vingine nitasema waziwazi msimamo wangu: fundi anayetaka kununua vya kwake anunue, lakini duka linalomtaka aje navyo kama sharti la kuajiriwa limpe posho ya kuvichakaza, kwa kuwa vinazalisha faida ya duka.

Wanagenzi nitawagusa kwa ufupi. Kijana anayefagia na kuziba pancha mwaka mzima bila malipo na bila kufundishwa kusawazisha gurudumu si mwanagenzi, ni kibarua asiyelipwa. Pendekezo Na. 208 la shirika hilohilo, la mwaka 2023, linataka makubaliano ya maandishi, muda unaojulikana na malipo yanayostahili, na hayo yanatosha kuwa mwanzo.

Najua wenye maduka mna jibu, na nalipokea kwa heshima kwa sababu wengi wenu mlianza mkiwa mafundi. Mnasema faida ni ndogo na kazi ina misimu. Ni kweli, mwaka 2020 watu walizikimbilia baiskeli mpaka vipuri vikaadimika, na miaka michache baadaye maghala yakajaa bidhaa zisizonunuliwa, na kampuni nyingi za baiskeli zikapunguza watu. Lakini tazameni hesabu hii. Tuchukue siku ya saa nane ambamo saa tano tu ndizo zinazotozwa wateja, na tatu zinakwenda kwa kupokea watu, kukagua, kutafuta vipuri na kusafisha. Ili saa tano zilipie mshahara wa saa nane, bei ya saa moja ya ufundi lazima iwe angalau mara 1.6 ya mshahara wa saa moja, kabla ya pango, umeme, bima na faida. Duka lisilofanya hesabu hii hujikuta linapunjwa, na njia ya haraka ya kufidia ni kumwachia fundi azibebe zile saa tatu bure. Mteja hajui kinachoendelea. Yeye ameona bei ya chini, akafurahi.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba fundi alipwe kwa saa zote alizopo kazini, na ukaguzi wa baiskeli uwe huduma yenye bei yake, inayoandikwa kwenye kadi ya kazi kabla spana haijaguswa. Kadi hiyo iwe na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kilichokutwa, kilichofanywa, na kazi iliyozidi makadirio ithibitishwe na mteja kwa simu kabla haijaendelea. Baada ya miezi mitatu mwenye duka na mafundi wake wakae na kadi hizo, wazihesabu saa kwa pamoja, na hapo ndipo wazungumze mshahara, kila upande ukiwa na takwimu zilezile mkononi.

Nimechapa nakala za kadi kama hiyo. Ziko kwenye meza karibu na mlango, na ningependa wenye maduka mtangulie kuzichukua, kisha turudi hapa kwa maswali.