Kwa nini batani yako inatoka tupu, na picha gani uiweke

Haya jamani, walio nyuma sogeeni mbele maana hii projekta inafifisha maandishi. Leo naongelea kitu kimoja tu, picha kwenye batani, kwa lugha ya Python na Tkinter, kile kifaa chake cha kutengenezea madirisha na batani, hii tunayotumia humu ndani wengi wetu. Najua kuna mtu anasema moyoni hilo nalo ni somo, si unaweka picha unamaliza, sasa mimi hilo lilinikesha siku mbili ndo maana nimeliomba nije niliseme.

Nilikuwa namtengenezea shangazi yangu programu ya duka, duka la mtaani la kawaida, mchele, unga, sabuni, vocha. Dirisha la kwanza lina batani nne. Nikaandika fanksheni, yaani kipande cha kodi chenye jina lake, ya kuzipanga, mle ndani nikaita PhotoImage inayosoma picha, nikaipa Button inayotengeneza batani, nikarun, batani zikaja tupu. Zipo, ukubwa wake ni ule ule wa picha, ukibonyeza zinafanya kazi, ila picha hamna! Na hakuna kosa lolote linaloandikwa, hapo ndo panapouma, maana mashine ikilalamika angalau unajua pa kuanzia.

Kinachotokea ni hivi. Tkinter ni Python inaongea na Tk, na Tk, ndiyo inayochora madirisha yenyewe, ni kitu kingine kabisa, kilitengenezwa kwa ajili ya lugha ya Tcl. Kwa hiyo picha yako ina upande wake kwa Python na upande wake kwa Tk, na batani inajua jina la picha tu, upande wa Python haiushiki. Fanksheni ikiisha, yale majina uliyoyatengeneza mle ndani yanakufa nayo, Python inaangalia, inaona hii picha haina mtu anayeishika, inaifuta, na ikishaifuta inaiambia Tk nayo ifute ya kwake. Inabaki nafasi. Ndo maana mifano mingi ya kwenye mafunzo inafanya kazi vizuri kabisa, wao picha wameiweka nje ya fanksheni, wewe ukija kupanga kazi yako vizuri kwenye fanksheni ndo inapotea, unaonekana kama umeharibu kwa kuwa msafi.

Dawa ni mstari mmoja: batani.image = picha. Basi. Hilo neno image pale halina uchawi, ungeandika hata batani.mshikaji = picha ingekubali, muhimu kuwe na mtu anayeishika muda wote batani ipo.

Mengine napita haraka. Tk(), yaani dirisha kuu, ianze kabla ya PhotoImage. Ukitaka picha na maneno pamoja weka compound="left" au "top", bila hiyo picha inayafunika maneno yote. Batani ikiwa na picha, width inahesabiwa kwa pikseli, si kwa herufi tena, wengi wanaandika 10 halafu wanashangaa batani imekuwa kijisehemu. PNG inasomwa kuanzia Tk 8.6 ya 2012, kabla ya hapo ilikuwa GIF na ndugu zake, na JPEG mpaka leo inataka Pillow, maktaba ya picha ya Python inayowekwa kando. Na njia ya faili ianzieni kwenye __file__, yaani pale faili la programu lenyewe lilipo, kwa sababu jina tupu la picha linatafutwa kwenye folda ambayo programu imeanzishiwa, kwako inawaka, kwa mteja inakataa.

Sasa picha yenyewe. Mimi kwenye batani ya kuhifadhi niliweka disketi, kile kisahani cha zamani cha kuwekea mafaili, kama programu zote. Shangazi akaniuliza hii ni redio? Na ana haki, disketi ya inchi 3.5 ilibeba MB 1.44, Sony wenyewe waliacha kuzitengeneza 2011, yeye ataijulia wapi. Ila iliyoniuma zaidi ni ya Madeni, niliweka mizani nikiwa nawaza hesabu ziwe sawa, sasa dukani mizani ni ya kupimia sukari! Alikuwa anapima kilo anabonyeza pale, anakuta majina ya wanaodaiwa. Nikatoa mizani nikachora kaunta buku, ile ya jalada gumu anayoandikia madeni tangu sijaanza shule, nikaiweka pikseli 48, na neno Madeni chini yake. Hajaniuliza tena. Nilijaribu kwanza kulipiga picha buku lenyewe kwa simu nikalipunguza, likawa doa tu, kwa hiyo kwenye udogo huo choreni.

Wapo wanaosema picha kwenye batani ni uchafu, na GNOME, mazingira ya madirisha ya Linux, toleo 2.28 la Septemba 2009 ilizizima zisionekane zenyewe kwenye menyu na batani. Naelewa, batani 30 zote zina picha jicho halijui litue wapi. Lakini dirisha la batani nne, mteja kasimama, mkono mmoja una chenji, pale picha inasaidia kweli. Na maneno msiyatoe, binti anayemsaidia shangazi anasoma maneno, shangazi anafuata picha, wote wawili wanauza.

Haya fungueni laptopu, faili liko kwenye hiyo flashi inayopita. Futeni kwanza ule mstari wa batani.image muone batani ikitoka tupu kwa macho yenu, halafu mrudishe, mimi napita kwa kila mmoja.