Kamera ya kutega hudumu muda gani msituni?

Shikamooni wazee wangu, na vijana wa doria habari za asubuhi.

Swali la leo ni moja: kamera ya kutega, ile inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita, ikifungwa kwenye mti pale Rungwe, itadumu miaka mingapi? Kwa makadirio yetu, ya bei nafuu hupita msimu mmoja wa mvua au miwili. Iliyo imara, miaka mitatu hadi mitano. Ila kamera mbili za boksi moja huweza kupishana miaka, na chanzo ni namna mlango wake unavyofunguliwa na kufungwa.

Boksi limeandikwa IP66, alama ya kuzuia vumbi na maji. Maana yake kamera ilirushiwa maji kwa nguvu ikiwa mpya, mpira wa mlango wake ukiwa laini, ikastahimili. Kipimo hicho hakigusi ukungu. Ukifungua mlango alfajiri ukungu umetanda, umeifungia hewa yenye maji ndani. Kule Kitulo, mita 2,600 hivi, baridi ya Juni na Julai huleta jalidi. Usiku hewa ile hutoa jasho kwenye kioo na kwenye saketi. Mchana inakauka, usiku inarudi. Ndipo shaba inapoota kutu ya kijani.

Kwa hiyo fungueni saa saba au saa nane mchana, jua likiwaka. Futa nje kwanza. Kisha utazame mpira wa mlango kwa makini: unywele mmoja, au jani la nyasi lililolala juu yake, latosha. Maji hupita hapo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Safisha kwa kitambaa kikavu, paka girisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando hapana, huvimbisha aina nyingi za mpira. Weka vipakiti viwili vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vya gramu 5, ubadilishe kila ukitoa kadi.

Betri nazo huua. Za alikali zikiisha zikaachwa ndani, huvuja magadi makali yanayokula springi. Ukiona ungaunga mweupe, futa kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, malizia kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Usichanganye mpya na zilizotumika. Ile dhaifu husukumwa na wenzake hadi ivuje. Za lithiamu za volti 1.5 ni ghali, lakini ndani hazina maji, hivyo baridi haizilegezi. Kwa Kitulo tungenunua hizo tu.

Elekezeni kamera kusini. Hapa Mbeya, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita kaskazini karibu miezi minane ya mwaka. Jua ndilo linalokausha na kupasua kile kiwambo chembamba cha plastiki mbele ya kihisi cha joto, hasa Ruaha. Miteremko ya Rungwe inayopokea upepo wa Ziwa Nyasa, ongezeni kipaa cha dumu lililokatwa.

Uimara huu una maana. Mwaka 2005 kamera za kutega ndizo zilizompiga picha sengi wa uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Sayansi ikamtambua rasmi 2008. Mnyama wa namna hiyo hapiti kila wiki.

Sasa pokezaneni kamera hii tuliyoipasua katikati. Tazameni kona ya chini, chini ya springi: mstari wa kijani unaanzia pale mpira ulipokunjika.