Kichujio Kinachochelewa Kinaitikisa Mota

Wenzangu, hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado naitwa kutazama mota zinazotetemeka, na nikifungua programu nakuta jambo lilelile: wastani mrefu wa kasi, yaani kichujio kinachochanganya vipimo vingi vya nyuma ili namba zitulie.

Chukueni mota moja. Enkoda, kile kifaa cha kupima mzunguko wa mhimili, inatoa mapigo 4,000 kwa mzunguko, tunayahesabu kila milisekunde 1, na mota inazunguka mara 100 kwa dakika. Hayo ni mapigo 6.67 kwa kila milisekunde. Sasa nani amewahi kuhesabu theluthi mbili za pigo? Kompyuta inapata 6 au 7. Sita maana yake ni mizunguko 90 kwa dakika, saba ni 105. Ile 100 ya kweli haionekani hata mara moja! Inakuja 105, 105, 90, kisha tena 105, 105, 90. Mhimili umetulia tuli, namba zinarukaruka, na kidhibiti, yaani programu inayoiamuru mota, kinafuata namba.

Fundi niliyefanya naye kazi alizituliza kwa wastani wa sampuli 21, yaani vipimo 21 vya mwisho. Grafu ikanyooka, akafurahi. Mota ikaanza kuyumba. Akadhani kelele, yaani ule mruko wa namba, bado ipo, akapandisha hadi sampuli 41. Hapo mashine ikagonga kwa nguvu hadi tukakimbilia swichi ya dharura.

Pigeni hesabu wenyewe. Wastani wa sampuli 21 unakupa kasi ya milisekunde 10 zilizopita. Kitanzi chetu, yaani ule mzunguko wa kupima na kusahihisha, kilikuwa kikikata, yaani kufikia mpaka wa kasi ya masahihisho yake, kwenye hezi 10, na hapo milisekunde 10 ni digrii 36 za wimbi zima la digrii 360. Akiba yetu kabla ya kuyumba ilikuwa digrii 60, zikabaki 24. Kwa sampuli 41 unapoteza digrii 72. Akiba imekwisha, na deni juu.

Najua atakuwepo wa kusema, nunua enkoda bora. Nunua, kama fedha ipo. Yenye mapigo 40,000 inapunguza mruko kutoka mizunguko 15 hadi 1.5 kwa dakika. Lakini kesho utaitaka mota hiyohiyo itambae kwa mzunguko 1 kwa dakika, na utasoma 0, 1.5, 1.5, 0. Umerudi palepale.

Ninachowaomba ni kutabiri. Zile sampuli 21 msizigawie uzito sawa. Pitisheni mstari ulionyooka katikati yake, kisha someni mstari huo utakuwa wapi sampuli ijayo. Ukikokotoa, sampuli mpya kabisa inapata uzito wa 0.19, na kongwe kabisa inapata hasi 0.095. Mota ikiongeza kasi sawasawa, jibu halichelewi hata kidogo. Bei yake ipo, na siifichi: kwa kelele isiyofuatana, yaani ambayo kila kosa halitegemei lililotangulia, wastani unabakiza 0.05 tu ya nguvu ya kelele, mtabiri anabakiza 0.20. Mimi nailipa bei hiyo bila kusita, maana kelele kidogo inaipasha mota joto, ucheleweshaji unaiangusha.

Mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, ukibadilika ghafla, mstari unapitiliza. Fupisheni dirisha, au nendeni kwa kichujio cha Kalman, mbinu ya makadirio ya mwaka 1960, kinachopokea pia amri ya mkondo wa umeme wa mota na hivyo kujua mota inasukumwa kabla enkoda haijasema. Muda umeniishia, ila hapo pimeni inesha, yaani ukaidi wa mota kubadili kasi, pamoja na mzigo wake. Msiichukue ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mota.