Mkojo Haungoji: Kusoma Mashapo kwa Hadubini

Wenzangu wa maabara, hamjambo. Leo nitakaa zaidi kwenye yale yanayoharibika kabla jicho halijafika kwenye lenzi, maana huko ndiko majibu mengi ya mkojo yanakopotelea.

Chukueni chupa iliyojazwa Kayole saa mbili asubuhi. Ikangoja bodaboda, ikakwama Jogoo Road, ikafika kwenu saa sita imepigwa na jua. Kwa saa hizo nne bakteria wamezaana, na baadhi yao wamevunja yurea ikawa amonia, mkojo ukageuka alkali. Humo kasti, vile vibomba vidogo vinavyofinyangwa ndani ya mirija ya figo, huyeyuka na chembe nyekundu za damu hupasuka. Stripu ya kuchovya inasema damu ipo, hadubini inasema haipo, na figo inayoumia haijaonekana. Kwa hiyo someni ndani ya saa mbili. Ikishindikana, friji, nyuzi 2 hadi 8. Na chupa iandikwe saa mgonjwa alipokojoa. Saa ya kupokea pekee haitoshi.

Friji nayo ina madhara yake. Baridi hutoa chumvi za yurati au fosfeti zinazotanda kama vumbi na kuficha kila kitu. Yurati ni za mkojo wenye asidi, huwa na rangi ya waridi, na zikipashwa moto huyeyuka. Fosfeti ni za alkali, huondolewa na asidi ya asetiki. Trikomonasi, kimelea anayetambulika kwa kuchezacheza, naye hutulia kwenye baridi, na akitulia utamhesabu kama chembe nyeupe ya damu.

Sasa sentrifuji. Changanya chupa vizuri, mimina mililita 10, zungusha dakika 5 kwa nguvu ya 400 g, yaani mara 400 ya mvutano wa dunia. Wengi wamekariri mizunguko 1,500 kwa dakika, lakini hiyo hutoa 400 g pale tu mkono wa rota, kutoka katikati ya mzunguko hadi ncha ya chini ya mrija, una sentimita 16. Ukiwa na sentimita 10, unapata kama 250 tu. Unahitaji karibu 1,900. Pimeni rota zenu, tafadhali. Breki msiguse, hutibua mashapo. Mwaga maji ya juu, bakisha nusu mililita, tikisa taratibu, weka tone moja na kifuniko.

Anza na lenzi ya 10, kondensa, lenzi ya kukusanya mwanga chini ya slaidi, ikiwa imeshushwa na mwanga umepunguzwa. Kasti za hayalini zinakaribia kuwa wazi kama maji. Mwanga mkali huzifuta kabisa. Pita kingo za kifuniko, ndiko zinakojikusanya. Kisha lenzi ya 40 kwa chembe, maeneo 10, toa wastani. Ukiona seli bapa za ngozi nyingi, mkojo umechafuka; omba mwingine.

Hamira, yaani fangasi wa mkojo, na chembe nyekundu huwachanganya hata wazoefu. Tia tone la asidi ya asetiki asilimia 2: chembe nyekundu hupasuka, hamira hubaki. Fanya hivyo kwenye slaidi ya pili, baada ya kuhesabu.

Mwisho, kichocho. Nairobi inapokea watu kutoka Kwale na Tana River, kwenye kichocho cha mkojo, na yai la minyoo wake lina mwiba mkiani. Yai lenye mwiba ubavuni ni la kichocho cha tumbo, mnalizoea kwenye kinyesi cha wagonjwa wa Mwea. Mgonjwa wa kichocho cha mkojo atoe sampuli kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, baada ya kutembea kidogo. Huyo msimwombe mkojo wa katikati, ule unaokingwa baada ya kumwaga wa mwanzo na kuacha wa mwisho: mayai huja na matone ya mwisho.