Penzi la Kwanza Katika Filamu Fupi za Ufilipino

Ndugu zangu wapenzi wa filamu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jinsi watengenezaji huru wa Ufilipino wanavyosimulia penzi la kwanza la vijana wa jinsia moja. Nitaanza na filamu ambazo penzi hilo halikuwa na nafasi, yaani vichekesho.

Kwa miongo mingi sinema kubwa za Manila zilimtumia sana bakla, ndivyo wanavyomwita mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Dolphy, mmoja wa wachekeshaji waliopendwa mno nchini humo, aliigiza nafasi za namna hiyo tangu miaka ya 1950. Bakla wa vichekesho alisuka watu nywele, alipiga mayowe, alipigwa na baba yake, hata kuzamishwa kwenye pipa la maji ili “anyooke”. Watazamaji walicheka, na walimpenda kweli. Lakini nani aliwahi kumuuliza moyo wake uko kwa nani?

Swali hilo liliulizwa na watu wasio na fedha. Mwaka 1983, Rais Marcos akiwa bado madarakani, Nick Deocampo alichukua kamera ndogo ya Super 8 akatengeneza “Oliver”, filamu ya hali halisi kuhusu kijana anayetumbuiza kwenye baa za Manila akiwa amevaa kike, na kwa kazi hiyo analisha familia. Si hadithi ya mapenzi. Hata hivyo naiona kama mlango, kwa sababu kamera ilimfuata bakla hadi nyumbani kwake, na nyumbani hakuna wa kumcheka.

Mwaka 2005 likaanza Cinemalaya, tamasha la filamu huru, na kamera za dijitali zilikuwa zimeshashuka bei. Filamu ndefu zilizochaguliwa zilipewa ruzuku ya peso 500,000. Filamu fupi zilitengenezwa kwa fedha za mfukoni, za wazazi, au kama kazi ya kumaliza chuo. Naomba tulitazame jambo hili vizuri, maana uhuru wa filamu fupi ulitoka hapo. Filamu fupi haina mfadhili wa kuuliza kama familia zitakata tiketi siku ya Krismasi. Mwanafunzi anakusanya marafiki, anaazima nyumba ya shangazi, anapiga picha wikendi mbili, na hadithi inabaki kuwa yake.

Tena urefu wenyewe unalifaa penzi la kwanza. Filamu ya saa mbili hudai hatima: harusi, kifo, au baba anayesamehe. Harusi haipo, kwa kuwa Sheria ya Familia ya 1987 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Kifo tumekishiba. Dakika kumi na tano zinamruhusu mwongozaji kuishia pale kijana anapotambua kwamba anayemtazama darasani si rafiki tu. Hajakiri kwa mtu yeyote, hajafukuzwa nyumbani, hajapata jibu. Nadhani wengi wetu, tumpende nani tumpendaye, tunaijua hali hiyo.

Mwongozaji Petersen Vargas, mzaliwa wa mkoa wa Pampanga, ndiye ninayempa uzito zaidi. Filamu yake fupi ya 2014, “Lisyun qng Geografia”, yaani masomo ya jiografia, iko katika Kikapampangan, lugha ya mkoa huo, si Kitagalogi cha Manila. Miaka miwili baadaye alitoa filamu ndefu inayorudi Pampanga ya miaka ya 1990, baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka mwaka 1991 na Wamarekani kuondoka kambi yao ya kijeshi ya Clark. Mwanafunzi hodari na mpweke anavutwa na ndugu wawili waliozaliwa na baba Mmarekani. Penzi lake limechanganyika na majivu, umaskini na ndoto ya kuondoka. Huwezi kulitenga na mahali hapo. Mwaka 2020 alirudi kwenye filamu fupi: kijana anafuata kundi la wavulana usiku wa Manila, akidhani mmoja wao ndiye waliyeahidiana kukutana, huku maiti zikionekana njiani. Aliyefuatilia vita dhidi ya dawa za kulevya vya Rais Duterte haulizi maiti hizo zimetoka wapi.

Mwaka huohuo, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, mfululizo wa “Gameboys” ulitolewa YouTube kwa vipindi vifupi. Vijana wawili wanapendana kupitia skrini wakati baba wa mmoja amelazwa kwa korona. Wapo waliousema kuwa ni kuiga tamthilia za Thailand za mapenzi ya wavulana. Sikubaliani nao. Hofu ya yule kijana kwamba ukweli wake ndio ulioiponza familia ni ya Kifilipino kabisa, katika nchi ambayo muswada wa kuzuia ubaguzi dhidi ya watu kama yeye umekuwa ukiwasilishwa bungeni tangu mwaka 2000 bila kuwa sheria.

Ninachokidai bado ni filamu za wasichana. Mwongozaji Samantha Lee amewasimulia katika filamu ndefu, na kwa uzuri, lakini ukihesabu majina niliyoyataja leo utaona wavulana wametawala. Tukifungua maswali, ningependa tuanzie hapo.