Kwanza Mniambie Maji Mnayataka ya Nyuzi Ngapi

Mabibi na mabwana, kila nipewapo nafasi ya kuzungumzia sola hapa Malindi, huulizwa lilelile: tufunge paneli mseto, zinazozalisha umeme na kupasha maji kwa pamoja, au za umeme ziwe mbali na mtambo wa maji moto uwe mbali? Nami hujibu kwa swali: maji mnayataka ya nyuzi ngapi?

Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zake, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya paa, jua la mchana huzifikisha 60 bila taabu. Na kwa kuwa seli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, paneli ya wati 400 hukosa karibu wati 49. Hapo muuzaji hukunja mikono ya kanzu: pitisha maji nyuma ya paneli, yazoe joto, seli zipoe, nawe uoge maji moto. Si uongo, ila kuna sharti asilolitaja, kwamba maji hayawezi kuishinda seli kwa joto. Ukitaka maji ya nyuzi 60 ya kufulia shuka za hoteli, seli itabidi ipite 60, nawe umerudi palepale ulipopakimbia. Ukiridhika na 40, faida ipo. Lakini maji yetu ya bomba huja yakiwa karibu na 28, basi umenunua pampu na mabomba kwa ajili ya nyuzi 12.

Najua yupo mhandisi hapo nyuma anayetaka kuniambia kwamba, kwa kila mita ya mraba, mseto huvuna nishati nyingi zaidi kwa jumla. Ni kweli, wala sijapata kukanusha. Lakini kilowati-saa ya maji vuguvugu haigandishi samaki. Na wageni wasipokuwapo wakati wa masika, je? Tangi likishapata joto lake, pampu husimama, na paneli iliyozibwa nyuma ili joto lisipotee huwaka kuliko paneli ya kawaida inayopata upepo juu na chini. Kilichonunuliwa kupoza seli ndicho kinachozichoma!

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 28 hadi 50 huhitaji kama kilowati-saa 2.6. Mtambo wa kawaida, wenye tangi juu ya kikusanya joto, huifanya kazi hiyo bila pampu wala inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli ufae vyombo vya nyumbani, na ukiharibika, umeme wako hauguswi.

Nyumba ya wageni iliyobanwa katikati ya mji wa kale wa Lamu, yenye paa finyu na inayohitaji maji ya kuoga kila siku, hiyo ina sababu ya kufunga mseto. Lakini maji ya kisima yenye chumvi yasipite ndani ya paneli. Yapashwe kupitia koili, yaani bomba lililoviringwa, iliyo ndani ya tangi. Kuhusu betri, ambazo ndizo zilizotangazwa kuwa mada ya leo, sitazifikia.