Kabla ya Kuomba Kura, Tuambieni Walikufa Wangapi

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakaa barazani, ahsanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Kuna kijana pale mlangoni kaniambia, "Mwalimu, leo tena El Adde?" Ndiyo mwanangu, leo tena El Adde, ile kambi ya jeshi letu la Kenya kule Somalia iliyovamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Nitanyamaza siku nitakapojibiwa.

Habari za Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia, mnazijua, sina haja ya kuwarudisha Kiwayu na Manda walikotekwa wageni, wala kuwaeleza operesheni ya Linda Nchi ilianzaje. Shida yangu ni hawa watakaokuja kutuomba kura Agosti 2027. Ukiwauliza kuhusu Somalia, mmoja atakwambia atawarudisha vijana nyumbani, mwingine atakwambia watabaki mpaka kazi iishe. Kisha wafuasi wanagombana, na sisi tunapiga makofi. Mimi hapo sijafika. Kabla hujaniambia jeshi litoke au libaki, niambie alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, katika kambi ya El Adde, walikufa vijana wetu wangapi. Miaka 10 imetimia na serikali haijatangaza idadi. Nchi inaanzaje kuzungumza juu ya yaliyoachwa na vita kabla ya kuhesabu maiti zake?

Kuna mama mmoja bara, upande wa magharibi. Jina lake nalihifadhi. Nilifika kwake mvua imetoka kunyesha. Mbele ya nyumba yake kuna msingi wa nyumba nyingine, wa mawe, vyumba vitatu, na nondo zimesimama pembeni zimeshika kutu. Aliuanzisha mwanawe kwa posho ya misheni. Alikuwa akituma pesa kidogo kidogo, mama anasimama na fundi, na likizo ya pili ndiyo wangeinua kuta. Siku hizi mama anaanika mahindi juu ya msingi ule, na nondo moja amefungia mbuzi. Nikamwuliza kama hajafikiria kuyauza yale mawe. Akasema, "Hata fundi huniuliza. Nitauzaje nyumba ya mtu ambaye sijamwona amekufa?"

Hakumwona kweli. Walikuja wakampangusa ndani ya shavu kwa pamba, wapate kulinganisha na mwili. Akakaa akisubiri. Siku jeneza lilipofika lilikuwa limefungwa, akaambiwa halifunguliwi. Akazika. Waliolileta siwalaumu, huenda walijua mle ndani mna nini wakamhurumia. Lakini tulipokuwa tunaagana aliniuliza, "Mwalimu, walikuwa wangapi?" Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa. "Nilitaka tu kujua tuko mama wangapi."

Sasa wakati wowote ninaposimulia haya, hakosi mtu wa kuniambia: Mwalimu, hiyo ni siri ya jeshi, adui atafaidika. Adui yupi? Al-Shabaab walikuwepo! Waliingia kambini, wakapiga picha za video, wakazisambaza dunia nzima. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, mwezi uliofuata alisema kwenye televisheni kwamba waliouawa ni kati ya 180 na 200. Jeshi letu likamkanusha, lakini halikutoa hesabu yake. Kwa hiyo adui anajua, jirani anasema anajua, na asiyejua ni mama aliyezaa. Siri hiyo inamlinda nani?

Mwingine atasema tukitaja idadi tutawavunja moyo askari waliobaki. Tazameni Tanzania. Walipigana na Idi Amin 1978 na 1979, na pale Kaboya, mkoani Kagera, makaburi ya mashujaa wao yapo na watu huenda kuwakumbuka. Najua mtaniambia wale walishinda. Haya, Marekani walishinda Vietnam? Watu waliandamana, vijana walikataa kwenda, Rais Johnson mwaka 1968 akaona heri asigombee tena. Vita vya aibu kwao, wenyewe wanakiri. Na bado mwaka 1982, katikati ya Washington, wakazindua ukuta mweusi wa majina. Leo ni zaidi ya 58,000. Mama akifika anaweka karatasi juu ya jina la mwanawe, anasugua kwa penseli mpaka herufi zitoke, anakwenda nalo nyumbani. Sisi tuna siku ya jeshi letu, tarehe 14 Oktoba, siku ile ile ya kuingia Somalia. Gwaride lipo. Yule mama wa magharibi akasugue penseli wapi?

Na wagombea wetu? Hayati Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu wanajeshi walipovuka mpaka, na aliwaunga mkono. Alipokuwa upinzani akataka watoke, na 2017 akaahidi hivyo kwenye kampeni. Rais Uhuru Kenyatta akasema hawatoki mpaka Somalia itulie. Tuligawanyika mpaka mezani kwa chakula. Machi 2018 wakapeana mikono, na suala likafa pale pale. Kampeni za 2022 mimi sikulisikia tena jukwaani. Je, vijana walikuwa wamerudi? Hawakurudi! Misheni ya Umoja wa Afrika kule Somalia ikabadilishwa jina tu: AMISOM ikageuka ATMIS, ATMIS ikageuka AUSSOM. Burundi hawamo tena, sisi tumo. Suala la vita kwetu huishi miezi mitatu ya kampeni, halafu huzikwa kama lile jeneza, bila kufunguliwa.

Namwona Mwenyekiti anatazama saa. Nilitaka tuwazungumzie majeruhi, waliorudi bila miguu na waliorudi bila usingizi. Nilitaka tuzungumze mauaji ya Mpeketoni, na wale 148 waliouawa na Al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa. Na wavuvi wa Lamu, waliokatazwa kuvua usiku kwa miaka, na nyinyi watu wa pwani mnajua mvuvi akizuiwa usiku nyumbani kunalalwaje. Hayo nitayaleta siku nyingine, inshallah. Ila hili msiliache: wagombea ubunge nao wasijifiche nyuma ya wagombea urais. Katiba, ibara ya 240, inasema majeshi hayapelekwi nje kulinda amani bila idhini ya Bunge. Anayetaka kiti kile anataka na kalamu ya kuidhinisha. Aulizwe.

Watakuja hapa uwanjani, mwawajua. Mwenye kipaza sauti atasema muda ni mfupi, maswali matatu tu. Mawili ulizeni ya maji na barabara. La tatu nipeni mimi. Nimemwahidi mama yule nitampelekea jibu kabla hajaanika mahindi ya 2027.